Je, Niliyoyaona Lodwar Nikiwa Mtoto Niliyaona Kweli?

SWALI

Mwalimu, nakusalimu. Nilizaliwa Vihiga. Mnamo Januari 1981, nikiwa na umri wa miaka sita, baba yangu, aliyekuwa afisa wa mifugo, alihamishiwa Lodwar nasi tukamfuata, tukakaa huko miaka minne. Sasa wanangu wameniomba niwaandikie habari za maisha yale. Nimejaza kurasa thelathini, zinazoanza kwa sentensi isemayo “Tulipelekwa mwisho wa dunia”, na kaka yangu, anayenizidi kwa miaka minne, amezisoma akacheka. Mimi nakumbuka lori letu likikwama usiku katika laga iliyojaa maji, mama akininyanyua juu ya kichwa chake; yeye anasema tulifika mchana wa jua kali na hapakuwa na tone la maji njia nzima. Nakumbuka tukijificha chini ya vichaka vya mathenge mwaka ule wa kwanza. Nakumbuka watu wenye njaa, wamejifunika mablanketi katika ukungu wa alfajiri. Nakumbuka watoto wa jirani wakiniita “Emoit”, jina la utani ambalo mpaka leo sijui maana yake. Kaka anasema nusu ya hayo nimeyaota. Je, kumbukumbu za mtoto wa miaka sita zinaaminika? Niandike au niache?

JIBU

Dada, andika. Nalisema hilo mapema kwa sababu umeuliza mambo mawili kana kwamba la pili halina jibu mpaka la kwanza lipate lake, nami naona sivyo. Kumbukumbu ya utotoni inaweza kukosea mwezi, mti, hata mtu aliyekuwapo, na bado ikawa ushahidi wa jambo ambalo hakuna afisa, mmishonari wala mwandishi wa habari aliyeliweka katika maandishi, yaani jinsi mji ule ulivyomwingia mtoto aliyeletwa asijue anakopelekwa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukusanya simulizi za watu waliokulia katika nyumba za serikali huko kaskazini mwa Kenya, watoto wa walimu, wauguzi, polisi na maafisa wa mifugo kama baba yako, na kosa ninalolikuta mara kwa mara katika simulizi hizo si lile linalomchekesha kaka yako. Anayekosea tarehe husahihishwa kwa urahisi. Mgumu kusahihishwa ni yule ambaye, pasipo kujua, ameandika kumbukumbu za wazazi wake akidhani ni zake.

Nianze na umri wako. Miaka ya mwanzo ya maisha imefunikwa na usahaulifu ambao Sigmund Freud aliuvutia macho ya watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa sababu alizozitoa hazishikiliwi tena na watafiti wengi. Kwa kawaida jambo la mbali kabisa ambalo mtu mzima analikumbuka lilimpata akiwa na miaka mitatu, au mitatu na nusu, na kuanzia hapo mpaka kwenye miaka sita au saba kumbukumbu huwa chache, tena zimeachana. Lakini kuhama ni miongoni mwa mambo yanayopenya. Mwaka 1993 JoNell Usher na Ulric Neisser walichapisha utafiti juu ya matukio manne ya utotoni, nayo ni kuzaliwa kwa mdogo wake mtu, kulazwa hospitalini, kufiwa na kuhama nyumba. Wakaona kwamba mtu aliyehama akiwa na miaka mitatu tu anaweza kubaki na kumbukumbu ya kuhama kule. Wewe ulikuwa na sita, na hukuhama kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili. Ulitoka Vihiga, ambako mvua haikai mbali na boma la mtu lapakana na boma la mwenzake, ukatua mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifikii milimita 250, mchana joto likizunguka nyuzi 35, na kijani cha kutajika ni cha mikoma na migunga iliyoufuata mto Turkwel. Kwa mtoto, tofauti ya namna hiyo hufanya kazi ya wino.

Kwa hiyo swali la kuaminika au kutoaminika naligawa. Mtoto wa miaka sita ni shahidi mzuri wa mambo ya mwili: joto la mchanga kwenye nyayo, harufu ya ngozi za mbuzi, ladha ya maji yenye chumvi, sauti ya bati likitanuka juani, uso wa mama. Ni shahidi dhaifu wa mfuatano, yaani lipi lilitangulia na lipi likafuata, na ni shahidi dhaifu zaidi wa sababu. Ukizipitia kurasa zako ukiwa na kipimo hicho mkononi, nadhani utaona kwamba kaka yako anakushambulia palepale ulipo dhaifu, huku akiruka yale ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyasema.

Sasa tuingie katika laga. Msomaji asiyelijua neno hili na aelewe kwamba laga ni mkondo wa mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, kisha siku moja hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, hali anga ya pale ulipo ni nyeupe. Njia ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, ambayo ni takribani kilomita 300, hupita Kapenguria, ikateremka Marich, halafu ikaingia tambarare za Kainuk na Lokichar, na huko chini hukata laga moja baada ya nyingine. Lori kukwama katika njia hiyo, hasa kabla lami iliyogharimiwa na Norway haijazoeleka, si jambo la kuotwa. Lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu waliokaa huko wakati ule huhesabu safari zao kwa mikwamo.

Ila Januari ni kiangazi. Mvua ya Turkana, mwaka unapokuwa na mvua, sehemu yake kubwa huja kati ya Machi na Mei, hivyo kaka yako anaposema kwamba mlifika mchana wa jua na laga zikiwa kavu, naelekea kumwamini. Lakini nakuamini wewe pia. Mlikaa miaka minne. Familia za watumishi wa serikali zilirudi nyumbani kila Desemba, na wengine katika likizo ya Aprili, kisha zikapanda tena kaskazini kuwahi muhula wa pili unaofunguliwa Mei. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi ulipita katika njia hiyohiyo, ukiwa umekaa mahali palepale, juu ya magunia yaleyale. Jambo linalorudiwa halihifadhiwi akilini safari kwa safari. Huhifadhiwa kama ada, “hivi ndivyo tulivyokuwa tukisafiri”, na yale yaliyotokea siku moja tu hukosa mwenyewe. Safari ya kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee yenye jina, huyavutia kwake. Nina shaka ndogo sana kwamba mlikwama majini mkirudi muhula wa pili, wa mwaka 1981 au wa mwaka uliofuata, na kwamba usiku ule umehamia Januari kwa sababu Januari ndiyo safari ambayo watu huulizana habari zake.

Kuna njia ya kulipima hilo. Irudie picha yenyewe, bila haraka, ujiulize mama alikuwa na nini mgongoni. Ikiwa mgongoni alikuwa na mtoto, na mtoto huyo alizaliwa mkiwa Lodwar, safari hiyo si ile ya kwanza, na mjadala wenu wa lori umekwisha. Kisha jiulize unalitazama tukio kutoka wapi. Mwaka 1983 Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika juu ya kumbukumbu za namna mbili, zile ambazo mtu huona kwa macho yaleyale aliyokuwa nayo wakati ule, na zile ambazo hujiona yeye mwenyewe kwa mbali kama mtu aliye katika picha. Ukiyaona maji chini yako na mstari wa nywele za mama karibu na goti lako, hapo upo karibu na ulichokiona. Ukimwona mtoto wa kike ameinuliwa juu na mwanamke aliye majini hadi kiunoni, huenda picha hiyo umeijenga baadaye kutokana na masimulizi ya nyumbani. Nasema huenda, kwa maana kumbukumbu za kweli nazo hugeuka zikawa za namna ya pili kadiri miaka inavyopita.

Wala usidhani kaka yako yeye ana kumbukumbu iliyokauka vizuri kwa sababu alikuwa na miaka kumi. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walionyesha kwamba mapacha waliokwisha kuwa watu wazima hubishania kumbukumbu: tukio moja, na kila mmoja anashikilia kuwa lilimpata yeye, si mwenzake. Ndugu waliofuatana nao wamo katika mtego huohuo, japo kwa kiasi kidogo. Usishangae kaka akikwambia siku moja kwamba aliyenyanyuliwa alikuwa yeye. Jambo la kuogopewa zaidi ni nguvu ya neno la jamaa. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 masimulizi ya utotoni yanayodaiwa kutoka kwa ndugu zao, na moja kati ya hayo, kwamba walipotea katika jengo la maduka wakiwa na miaka mitano hivi, lilikuwa la uongo. 6 kati ya 24 walifika mahali pa kulikumbuka, lote au kwa sehemu. Basi ndugu anaposema “haikuwa hivyo” anaweza kung'oa jambo la kweli kwa urahisi uleule ambao ndugu mwingine alipanda jambo la uongo. Ndiyo maana nawasihi mwache kubishana kwa simu mpaka kila mmoja awe ameandika safari ile peke yake.

Nami sijiweki nje ya hukumu hii. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwasimulia wanafunzi wangu jinsi jua lilivyopatwa tarehe 16 Februari 1980, nikiwa mtoto Eldoret, giza likaingia mchana na kuku wakapanda kulala. Siku moja nikaitazama ramani ya kupatwa kule. Giza kamili lilipita upande wa Taita na Voi. Kwetu jua liliumwa upande tu, na hakuna kuku wa akili timamu ambaye angepanda kulala kwa ajili hiyo. Kuku wale walikuwa wa mjomba wangu, aliyefanya kazi Voi na aliyetuletea habari hizo Krismasi iliyofuata. Mpaka leo nawaona wakipanda.

Mathenge sitakaa nayo sana. Mti huo ulipandwa kwa wingi Turkana na Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia ya kuzuia jangwa, ukaja kuenea mpaka wenyeji wakaomba uondolewe. Mwaka wenu wa kwanza, kama ulikuwapo karibu na nyumba yenu, ulikuwa mche ambao mbuzi angeuruka, si kichaka cha kumficha mtoto. Yaelekea mlijificha chini ya esekon, yaani mswaki, ambao matawi yake huinama mpaka chini kama pazia, na baadaye jina la mti uliouona kila ukirudi au ukisoma magazeti likachukua mahali pake. Andika “kichaka” tu, au umuulize mtu wa Lodwar wa rika lako mlikuwa mkijificha wapi.

Kuhusu njaa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ulichokiona kilikuwa kikubwa na picha iliyokifunika ni kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1979 na 1981 Waturkana walipatwa na mambo matatu kwa mpigo. Ukame ulikuwapo. Homa ya mapafu ya mifugo iliua ng'ombe na mbuzi, na huenda hiyo ndiyo sababu afisa wa mifugo akahitajika huko wakati ule na si wakati mwingine. Tena kulikuwa na uvamizi wa mifugo, ambao ulibadilika sura baada ya Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka nchini Uganda na ghala la silaha la kambi ya Moroto likaporwa, bunduki zikaenea Karamoja na ng'ambo ya mpaka. Neno “ngoroko” lazima ulilisikia mezani kwenu kabla hujajua kwamba maana yake ni majambazi wenye silaha. Familia zilizobaki bila mnyama hata mmoja zilikusanyika katika kambi za chakula, na serikali pamoja na wafadhili wakaanzisha mradi wa kuwasaidia wainuke tena, uliojulikana kwa herufi zake tatu, TRP, yaani Turkana Rehabilitation Project. Mtoto aliyefika Lodwar Januari 1981 hakuweza kuepuka kuwaona watu hao, na kaka yako akisema uliwaota, huyo ndiye aliyesahau.

Lakini mablanketi na ukungu wa alfajiri si vya Lodwar. Lodwar iko bondeni, na alfajiri yake ni ya upepo na vumbi. Ukungu ule naujua, na wewe pia, pamoja na nusu ya dunia: ni wa Korem, katika nyanda za juu za Ethiopia, Oktoba 1984, katika picha zilizopigwa na Mohamed Amin, Mkenya mzaliwa wa Nairobi, akifuatana na Michael Buerk wa BBC. Huko juu usiku ni baridi, na watu walilala wamejifunika chochote walichokuwa nacho. Mwishoni mwa 1984 ulikuwa na miaka kumi hivi, unaondoka Lodwar au umekwisha kuondoka, na picha hizo zilikuwa kila mahali penye televisheni na gazeti. Zilikuta ndani yako picha nyingine ya watu wenye njaa, isiyo kamili, isiyo na mtu wa kuizungumza, zikakaa juu yake. Sikushauri ufute ukurasa huo. Nakushauri uondoe mablanketi, uondoe ukungu, halafu utulie uone kinachobaki. Kwa wengi niliowahoji kilichobaki kilikuwa kidogo sana: kikombe cha bati, nzi, na sauti ya mtu mzima akiwakataza watoto wake wasitoke nje na chapati mkononi. Katazo hilo hakuna kamera iliyolipiga. Ikiwa nawe ulikatazwa, liandike kama lilivyosemwa, kwa lugha ileile mliyokuwa mkiongea nyumbani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sentensi yako ya kwanza, na hiyo, Dada, ndiyo pekee katika barua yako nisiyoiamini. “Tulipelekwa mwisho wa dunia.” Mtoto wa miaka sita hajui kwamba dunia ina mwisho, wala hajui kwamba mahali panaweza kuwa mbali na mambo muhimu, kwa maana mambo muhimu kwake ni mama, chakula na wa kucheza naye. Sentensi hiyo ni ya mama yako, au ya baba yako siku aliyopokea barua ya uhamisho, nayo ina historia ndefu kuliko familia yenu. Wakoloni waliifunga wilaya hiyo, mtu wa nje akawa haingii pasipo kibali. Baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung mwaka 1953, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar yenyewe. Mahali penyewe palikuwa sehemu ya adhabu. Serikali ya uhuru, katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ikasema waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kule zitakakozalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara, na kaskazini haikuwa na sifa hizo. Ofisini, mtumishi mkaidi aliweza kutishiwa kuhamishiwa huko, na aliyekubali akalipwa posho ya mazingira magumu. Wenyeji nao waliliona jambo hilo kwa upande wao: msafiri wa kwenda Kitale alisema anakwenda Kenya.

Sasa mtazame mtoto wa jirani mliyejificha naye kichakani. Kwake yeye Lodwar haikuwa mwisho wa kitu chochote. Ulikuwa ndio mji mkubwa, wenye hospitali, maduka, ofisi, magari na watu wa ajabu waliokula samaki na mboga za majani. Babu yake aliutembelea kwa miguu siku kadhaa ili kuuza mbuzi. Ninyi mlikuja katikati ya ulimwengu wake mkaomboleza kwamba mmetupwa, na naamini, japo sina ushahidi ila ninaoupata kwa wengine, kwamba katika wiki zile za kwanza wewe mwenyewe ulikuwa karibu zaidi na macho ya mtoto huyo kuliko macho ya mama yako. Kisha polepole ukajifunza huzuni ya nyumbani. Zipekue kurasa thelathini ukitia alama kila sentensi ambayo mtoto wa miaka sita asingeweza kuitunga, na usizitupe. Ziandike kama maneno yaliyosemwa, na utaje ni nani aliyasema, kama ni usiku wakidhani mmelala, kama ni mbele ya wageni.

Kiswahili kinatusaidia katika jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Tunazo “nakumbuka”, “niliambiwa” na “nimekuja kujua”, na mwandishi mwaminifu hawezi kuzichanganya. Zaidi ya hayo, chunga sana “-ka-” ya masimulizi. Ukiandika tukapanda, tukateremka, tukakwama, tukafika, umemwahidi msomaji mfuatano, na mfuatano ndio kitu ambacho mtoto hakukihifadhi. Kumbukumbu ya umri ule huja na “-ki-”: mama akininyanyua, maji yakinguruma, mtu akipiga kelele gizani. Nimeona katika barua yako kwamba hivyo ndivyo ulivyoniandikia mimi bila kufikiri. Fanya hivyohivyo kwa wanao, na “-ka-” uitunze kwa ajili ya mambo uliyoyathibitisha.

Uthibitisho haupatikani kwa kusafiri kwanza. Watu hunijia wamerudi kutoka huko wakiwa na furaha, nami huhuzunika kidogo, kwa kuwa mji wa sasa umefuta ule wa zamani kichwani mwao. Lodwar unayoijua haikuwa na wakimbizi wa Kakuma, waliopata kambi mwaka 1992, wala pilikapilika za mafuta yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, wala makao makuu ya kaunti, ambayo ni ya tangu 2013. Nyumba yenu utaikuta ndogo kama banda. Maliza kuandika, ndipo upande gari. Kabla ya hapo tafuta karatasi: barua ya uhamisho wa baba, kadi ya kliniki ya mdogo wenu kama alizaliwa huko, rejista ya shule inayoonyesha tarehe uliyoandikishwa, kitabu cha ubatizo cha parokia, na nyuma ya kila picha, kwa sababu wazee wetu waliandika nyuma ya picha mambo ambayo hawakuyatamka.

Nimeliacha jina lako la utani mpaka sasa kwa sababu sikutaka ulisome kwa haraka. Katika lugha ya Kiturkana, emoit ni mgeni, mtu asiye wa kwetu, na neno hilohilo ndilo linalotumika kwa adui. Wingi wake ni ng'imoe. Katika miaka ile ya bunduki za Moroto halikuwa neno jepesi. Lakini watoto huchezea maneno ya wakubwa kama wanavyochezea vyombo vya jikoni, na maana ya neno mchezoni hujulikana kwa namna lilivyotumika. Walikuita hivyo ili uje au ili uondoke? Uliitika? Na jambo moja zaidi, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote uliyoniandikia: mwaka wa mwisho, alipofika mtoto mwingine kutoka Kenya, walimwita nani Emoit, yeye au bado wewe? Ukilikumbuka hilo, unayo miaka minne yote katika neno moja. Uandike vilevile ninyi nyumbani mliwaitaje wao. Wengi hukwepa swali hili, na nimezoea kuona kurasa zikigeuka baridi ghafla mahali ambapo jibu lake lingekaa.

Ukurasa wa laga usiufute. Uhamishie kwenye safari ya Mei, na Januari umwachie kaka jua lake. Ila utakapokutana naye, kila mmoja na karatasi zake, muulize kama siku ile ya kwanza lori halikusimama popote kabla ya Lokichar, kwa maana laga kavu nayo ina mchanga, na mchanga huo umekwamisha malori mengi kuliko maji.